Marahaba Yako Nimeiacha

Kaka Shija,

Umeniudhi, na kufa kwako hakujapunguza kitu. Umenifundisha kuhariri filamu miaka sita, halafu ukaniachia filamu fupi isiyounganika. Binti anatoka Ipuli kumpelekea bibi yake kigoda cha marehemu babu, huko Lusu, kwa njia ya zamani ya wapagazi. Njia yenyewe iko wapi? Hukuirekodi. Hakuna mguu, hakuna vumbi, hakuna hata kichaka kimoja. Binti anafunga mlango Ipuli, mara tuko uani Lusu, bibi anatwanga. Nilipokuuliza, tayari ukiwa kitandani pale hospitali ya Kitete, ulisema, "Watu wa huku wanaijua njia." Ukageukia ukutani. Wiki iliyofuata tukakuzika.

Mama yako, ambaye ndiye bibi wa kwenye filamu, alitaka kuiona siku ya misa ya mwaka. Ningemwambiaje kwamba mwanawe hakumaliza? Nikahangaika. Nilijaribu kuififisha picha polepole, ikawa kama umeme umekatika. Nikaweka ule ukurasa unaojifunua, tunaouweka kwenye video za harusi, nikakusikia kabisa: "Editha, hii siyo harusi." Nikautoa. Nikasema basi, naenda kuirekodi njia mwenyewe, kumbe yule binti ameolewa na ana mimba ya miezi saba.

Na kelele zako! Mwongozaji gani anaitikia salamu huku kamera inarekodi? Kila mtoto aliyepita akakuamkia, ulimwitikia. Nilipolalamika ulinijibu kwamba mtoto akikuamkia ukanyamaza, umemfundisha dharau. Miaka sita kazi yangu imekuwa kufuta marahaba zako.

Alhamisi, zikiwa zimebaki siku mbili, nilikaa kuzifuta tena. Kipande cha Ipuli kinaishia binti, akishafunga mlango, akimwamkia jirani, "Shikamoo." Wewe na haraka zako ulizima kamera kabla jirani hajaitikia. Cha Lusu kinaanza kwa sauti yako nyuma ya kamera, ukimwitikia mtoto fulani aliyepita: "Marahaba, mwanangu." Kidole kilishafika kwenye kufuta. Nikakiondoa. Nikavisogeza vipande viwili vikagusana, nikatazama. Salamu imetoka Ipuli, imeitikiwa Lusu, na binti amefika. Hakuna aliyehitaji kuona miguu yake. Nililia kwa hasira, kaka. Mwaka mzima nilihangaika na kitu ambacho nilikuwa nakaribia kukitupa.

Jumamosi, baada ya misa, tuliionesha nyumbani kwenu Lusu, kwenye ukuta wa sebule. Ilipoisha, mama yako aliniita karibu akasema, "Nirudishie pale anapoitikia." Nikamrudishia. Akaomba tena, na tena. Chakula kilikuwa kinapoa na hakuna aliyenyanyuka.

Bado nimekukasirikia. Ungerekodi hata hatua tatu tu, nisingekonda hivi. Nimekukumbuka pia, sana, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Kazi zako zilizobaki kabatini nitazimaliza zote, nakuahidi, na sauti yako sitaigusa. Wakiniuliza ni nani huyo anayeongea nyuma ya kamera, nitawaambia ni mwalimu wangu.

Pumzika sasa.

Shikamoo, kaka. Usijisumbue kuitikia. Ya kwako ninayo.

Editha