Cherehani Inayosubiri Mtu wa Kwetu

Kiandutu, Thika

Mdogo wangu Truphena,

Nakusalimu, nikitumaini ile homa imekuachia nguvu za kushika jembe. Miguu ya Mama inaendeleaje? Sikupiga simu kwa sababu simu ya hapo nyumbani mnaisikiliza wote, na maneno haya ni yako peke yako. Soma kwanza, kisha uamue utamwambia nini Mama.

Mimi nipo. Ukiniona utasema nimenenepa, na majirani watasema Thika imenikubali. Waache waseme. Ni uvimbe tu, na mandazi ya asubuhi. Miaka tisa nimekaa kwenye cherehani ya kiwanda cha nguo, nashona kola za mashati ambayo sijawahi kumwona mtu wa Kiandutu ameyavaa. Siku hizi nikibeba mtungi mmoja wa maji kutoka bombani hadi chumbani napumzika mara tatu. Kisogo kinagonga. Usingizi nausikia kwa jirani tu, akikoroma.

Ni presha. Niliijua mwaka jana kliniki. Daktari, kijana mpole, aliniambia nipunguze chumvi, nile matunda, nitembee sana na nisiwe na mawazo. Nikamwambia kutembea natembea, kazini kwenda na kurudi. Hayo ya mawazo nikamwuliza dawa yake inauzwa duka gani. Hakucheka. Vidonge alivyoandika nilivimeza mwezi mmoja, nikaviacha karo ya binti yangu Mercy ilipofika.

Sasa, kila mwaka nesi huja kiwandani kutupima, na mwenye presha ya juu huambiwa apumzike. Sijaona aliyepumzika akarudi. Kwa hivyo wanawake tuna ujanja wetu: asubuhi ya kupimwa tunakunywa maji ya ndimu na kitunguu saumu, foleni nzima inanuka kama jiko la harusi. Safari hii niliona ndimu haitatosha. Jirani yangu Mama Njeri, ambaye ana ugonjwa huu huu, alinipa vidonge vyake vitano. Nikavimeza vyote kwa pamoja, tumbo tupu.

Nilianguka foleni ikiwa imebakisha watu wawili mbele yangu. Nilipofungua macho wenzangu walikuwa wamenivuka, foleni imesonga. Siwalaumu, maana mwaka juzi mimi pia nilimvuka mtu. Nesi alinipima baada ya siku mbili na presha ilikuwa imerudi juu.

"Mama, enda upumzike," supavaiza wetu, Karanja, akaniambia. "Ukikufa hapa ni mimi naandika ripoti."

Nikamwambia nina mtoto yuko sekondari.

"Si uko na sister huko kwenu? Hiyo cherehani nitamwekea wiki mbili. Lakini akuwe mtu presha yake iko sawa. Usiniletee shida ingine."

Ndiyo desturi yetu hapa: anayetoka huacha mtu wa kwao kwenye kiti chake, na huyo aliyeingia humlisha aliyetoka. Nilijaribu kiwanda kimoja cha Ruiru, lakini huko wanapimia watu getini.

Mama Njeri amenikataza kukuandikia. "Wacha huyo msichana alime," aliniambia. Ni kweli, na nimeona aibu siku nne nzima. Lakini Mama Njeri si yeye atakayemwambia Mercy aache shule. Nakupenda, Truphena, na bado nakuita. Utalala na sisi. Cherehani utaizoea kwa wiki moja, mgongo ndio hautazoea.

Nisalimie Mama, na kukhu, bibi yetu aliyetulea, umshike mkono kwa niaba yangu. Kaka yetu Elphas, mwenye shamba sasa, mwambie asiuze ng'ombe kwa ajili yangu, ingawa najua hakuwa na nia hiyo.

Kabla hujapanda gari pita zahanati upimwe presha, uje na karatasi. Usiogope, utakuta iko sawa. Hata yangu ilikuwa sawa siku niliyokuja.

Ni mimi dada yako,
Rispa