Mama wa Chai

Jumamosi

Bado nacheka peke yangu. Leo kwenye kibanda cha video hapa Mashimoni waliweka filamu ya kitambo, ile isiyo na rangi, na DJ akawa anawasemea waigizaji kwa Kiswahili, kama kawaida yake. Staa akasemewa, mrembo wake akasemewa. Mama wa kuwaletea chai, hata neno moja! Lakini kila akiinua nyusi, sisi hoi. Jirani yangu Mwende akapaza sauti: "DJ, hebu nyamaza tumwone huyu mathe!"

Akanyamaza kweli.

Na mimi nimenuna wiki nzima, eti kwenye mchezo wa Krismasi kanisani nilitaka kuwa Maria, nikapewa mke wa mwenye gesti, wa kufungua mlango na kutikisa kichwa tu. Hata mazoezi nikakwepa.

Kesho narudi. Maria ajipange.