Firigisi ya Mzee wa Mutuka

Mama Yohana, mke wangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka Bonga, Babati. Mvua imenyesha vizuri. Mwanetu na mkewe ni wazima. Mimi nina wivu, na sababu yake ni kuku.

Jana nilimfundisha mjukuu wetu Upendo mnyororo wa chakula. Mahindi hupata nishati kutoka kwenye jua, kuku hula mahindi, nasi humla kuku. Katika kila hatua nishati nyingi hupotea, hivyo mlaji wa mwisho hupata kidogo.

Jioni alikuja baba wa mkwe wetu, yule mzee wa kijiji cha Mutuka, ambaye ndiye aliyetuletea kuku wa chakula cha jioni. Upendo ndiye aliyepakua. Firigisi, ambayo ni heshima ya mgeni, aliiweka kwenye sahani ya mzee huyo. Mimi nilipewa shingo.

“Upendo, mgeni hapa ni nani?” nikamuuliza.

“Ni wewe, Babu. Lakini babu wa Mutuka amelima mahindi na amemfuga kuku. Wewe umekuja mwishoni kabisa, na umesema wa mwisho hupata kidogo.”

“Pole, mwalimu,” mzee akasema huku akitafuna taratibu. “Umefundisha vizuri mno.”

Leo asubuhi niliomba mahindi, nikawamwagia kuku kwa mkono wangu. Upendo alipouliza ninafanya nini, nilimjibu kwamba nashuka ngazi ya mnyororo, nisiwe wa mwisho tena.

Jitunze, mke wangu. Nimekukumbuka sana, kwani huko nyumbani sishindani na mtu.

Mumeo,
Baba Yohana