Kikapu Kilichokwenda Kanisani

Ijumaa, 7 Machi

Nimegeuza mayai tena kwenye mashine ya kutotolesha. Yote hai. Ukiyamulika tochi, mishipa inaonekana myekundu kama mizizi.

Leo hospitalini Moshi wamemkata dada yangu Nakiete kipande cha uvimbe wa titi. Jumatatu nawapelekea mayai. Daktari atatoboa kidirisha kwenye kila ganda, apande chembe za Nakiete juu ya utando, zinyonye damu ya kifaranga zikue. Kisha ajaribu dawa, aone ipi inaziua. Hakuahidi kupona. Kasema labda tutajua dawa ya kutomtesa bure.

Kifaranga aliye ndani ya yai bado hajajua kukataa wageni. Mimi pia. Mama kashuka kutoka Chome kuja kuuguza, na ameshanihamishia vyombo vyote.

Jumapili, 9 Machi

Umeme ulikatika alfajiri. Nikatoa mayai kwenye mashine, nikayapanga kikapuni na chupa za maji moto, nikafunika kanga safi. Nikaenda kutafuta petroli ya jenereta.

Kurudi, kikapu hakuna. Mama hayupo.

Mama ni Mlutheri wa Chome. Haendi ibadani mikono mitupu. Kakuta kikapu cha mayai karibu na mlango, kimefunikwa kanga. Kwake hiyo ni sadaka, basi. Nasikia alifurahi: mwanangu leo kamkumbuka Mungu.

Nimekimbia. Mnada wa sadaka umekwisha. Mayai yalinadiwa baada ya mkungu wa ndizi. Kayanunua mwalimu mstaafu. Nimemfuata kwake, nikamkuta na kikaango.

"Kijana, siku hizi kanisani mnatuuzia yenye miguu?"

Yaliyobaki alikuwa kayatumbukiza kwenye maji baridi, apime viza; baridi imeyaua.

Sijala. Hasira imenishibisha.

Jumatatu, 10 Machi

Daktari hakufoka. Bora angefoka. Chembe wamezigandisha; zikiyeyushwa zipo zinazoamka, zipo zisizoamka. Mayai mabichi yapo kila duka. Yenye mishipa hayauzwi popote. Nimeatamisha mengine.

Nimemweleza Mama yalikuwa ya nini.

"Niliyatoa kwa jina la Nakiete," kasema.

Nimetoka nje kabla mdomo haujanitangulia. Simwamkii.

Jumatano, 19 Machi

Nimepeleka mayai Moshi, nimeyapakata njia nzima kama mtoto mchanga. Daktari kayeyusha chembe. Zimekufa. Anaomba kipande kingine.

Nakiete kakataa. "Kaka, mimi si mkate."

Ataanzishiwa dawa wanayoanza nayo wengi. Tutaona. Hilo neno nalichukia.

Namchukia na mwalimu na kikaango chake. Nauchukia umeme. Nina hasira na Mama, na kumkasirikia mama yako ni kazi chafu, huna pa kuiweka. Nina hasira na Mungu pia. Sadaka kapokea. Ajibu basi.

Jumamosi, 22 Machi

Nakiete katundikiwa dripu ya kwanza jana, jioni nikarudi naye nyumbani. Katapika usiku, sasa kalala.

Asubuhi Mama alikuwa uani, anapepeta maharage. Nimemwamkia. Mara ya kwanza tangu Jumapili ile. Marahaba imechelewa, lakini imekuja. Kanisogezea kigoda.

Tukachambua mawe. Ndani Nakiete akakohoa, na sote wawili tukainuka.