Deo, Kiongozi Sikumwambia

Deo ndugu yangu,

Najua ungenicheka ukiniona nimeshika kalamu. Shule niliacha darasa la tano, na hata huko nilikuwa nakaa nyuma kabisa ili mwalimu asiniulize kitu. Barua hii nimeiandika siku nne. Ningeweza kuiandika halafu nikaizika kwenye udongo wa kaburi lako, ikawa yako peke yako. Lakini uongo wangu niliusema mbele za watu, msiba mzima unasikia. Basi na hii nayo watu waisome.

Nianze na yale mazuri, maana nikianza na yale mengine sitaendelea.

Unakumbuka siku yangu ya kwanza mlimani? Nilikuwa sijui hata kuweka mzigo kichwani vizuri. Wagumu, maana ndivyo tunavyojiita sisi wabeba mizigo wa mlima, wakaniuliza jina. Nikasema kwa sauti ndogo, hawakusikia. Wakauliza tena, nikaangalia chini. Mmoja akasema, "Huyu ni bubu. Mwekeni na Deo, Deo anaongea mpaka na mawe." Kuanzia hapo nikawa Bubu, na wewe ukawa mdomo wangu. Chakula kikiwa kidogo unasema wewe, "Bubu hajashiba." Nikipewa mzigo uliozidi unasema wewe, "Jamani huyu ni mtu sio punda, na punda mwenyewe angelalamika." Mimi nacheka tu.

Tulilala hema moja misimu mitatu. Nilikuwa nafanya ishara ya msalaba haraka haraka chini ya blanketi, ukaniona. "Unamficha nani, Mungu au mimi?" Wewe kanisani ulikuwa huendi, tangu kipaimara. Mama yako akikuuliza unamjibu, "Mama, hao wanaoenda kanisani wanamwangalia Mungu kwa mbali. Mimi kila wiki napita mlangoni kwake." Anakurushia ganda la ndizi. "Siku utakayokufa utanitia aibu mbele ya padre, wewe mtoto!" Mkawa mnacheka wote wawili. Mimi sikucheka sana, kwa sababu nilikuwa namwangalia usoni, na usoni haukuwa utani.

Sasa nifike kule.

Safari ile ya mwisho mimi niliona kabla hujasema. Kazi yangu ni kuangalia, si unajua. Siku ya tatu niliona umeacha ugali. Niliona unasimama kila hatua kumi unajifanya unafunga kamba ya kiatu. Nikaona umeinama nyuma ya jiwe unatapika. "Unaniangalia nini? Maharage ya jana yale." Siku ya nne, kambi ya juu, hukutania tena. Ulilala hemani mchana, pumzi yako inatoa sauti kama sufuria inayochemka. Ukaniambia, "Bubu, kamwambie kiongozi nishushwe."

Nikasema, "Twende wote."

"Siwezi kusimama, bana. Siku zote mimi nakuongelea. Leo niongelee wewe."

Nikatoka. Ilikuwa kama saa kumi. Kiongozi alikuwa kwenye hema la chakula pamoja na wageni, wanakunywa chai na bisi, anawaeleza safari ya kesho kwa Kiingereza. Nilisimama nje. Niliona viatu vyao chini ya turubai, nikasikia wanacheka. Nikawaza nikiingia watanigeukia wote, nitatetemeka, sitajua nianzie wapi. Nikasema moyoni, acha amalize. Mpishi akapita na birika, akaniambia, "Unataka nini hapa? Unaziba njia."

Nikamwambia, "Hamna kitu."

Ndivyo nilivyosema, Deo. Wewe unakufa hatua ishirini kutoka pale, mimi nasema hamna kitu.

Nilivyorudi uliinua kichwa. "Umemwambia?" Nikasema, "Nimemwambia. Amesema ulale kidogo, ukizidiwa watakushusha." Ukasema, "Aika, Bubu." Ulinishukuru kwa Kichagga, taratibu, kama mtu aliyeletewa maji. Ukageukia ukuta wa hema.

Jua halijazama, mpishi akaja kuchukua ndoo, akakuona midomo imebadilika rangi, akapiga kelele. Kiongozi alitoka mbio bila kofia. Tulikubeba kwa machela, mimi nimeshika upande wa miguu. Msituni hatukufika ukiwa hai. Kiongozi, mzee wa watu, alikaa chini kwenye vumbi akalia, akatuuliza, "Mbona hamkuniambia? Mchana ningemshusha. Mchana angepona." Watu wakaangaliana. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Wewe umekufa unajua yeye ndiye aliyekuacha. Sio yeye.

Msibani kwenu Uru, mama yako alinishika mikono yote miwili mbele ya wanawake wa jumuiya. "Mwanangu, wewe ndiye uliyekuwa naye. Alisema nini?" Nikauona uso ule ule wa siku ya ganda la ndizi. Nikasema, "Alikuwa anasali, mama. Amekufa anamtaja Bikira Maria."

Akapiga magoti kwenye matope, akamwita Mungu kwa Kichagga. "Ruwa! Ruwa wangu, nashukuru!" Padre akalirudia neno langu kwenye mahubiri ya mazishi. Watu walilia kwa furaha, Deo, mbele ya jeneza lako. Nilikuwa sijawahi kusema kitu mbele ya watu wengi vile, na kilikuwa uongo.

Baada ya hapo mama yako akawa ananiita kila Jumapili. Ananikalisha kwenye kigoda chako, kile chenye miguu mitatu ulichokikwangua pembeni kwa kisu. Nikitaka kukaa chini anasema, "Kaa hapo, baba. Sitaki kikae wazi." Ananipakulia mtori wa ndizi, bakuli limejaa. Nakula huku naangalia zile alama za kisu chako.

Nikwambie kitu ambacho hata padre sikumwambia hivi. Nilianza kwenda kanisani kwa ajili ya kuulinda ule uongo. Nilijiona kama shahidi wako, na shahidi haonekani vijiweni siku ya Jumapili. Kwenye jumuiya yetu, hizi nyumba chache za majirani tunaosali Jumamosi kwa zamu, wakanipa niongoze rozari. Mimi, Bubu. Nikajifunza kusoma Injili kwa kidole, mstari mmoja mara tatu, ili nisije nikakwama mbele za watu.

Hapo ndipo nilipoharibikiwa, au nilipoanza kupona, bado sijajua. Yale maneno niliyokuwa nayasema tangu mtoto bila kuyasikia yakaanza kunigeukia. Ile sala ya kuungama mwanzoni mwa misa unaikumbuka, tunajipiga kifua. Tunataja tuliyowaza, tuliyosema, tuliyotenda, halafu mwishoni kabisa yale tuliyoacha kufanya. Maisha yangu yote hapo mwisho nilikuwa napita mbio. Sijaiba, sijapiga mtu, kuongea kwenyewe siongei. Nilidhani mtu mkimya hana dhambi nyingi. Kumbe dhambi yangu ilikuwa imekaa palepale kwenye ukimya, inanisubiri nifike. Ikawa kila Jumapili nikifika pale mkono unakuwa mzito, nabaki nimeuweka kifuani wenzangu wameshamaliza.

Watu wanasema imani ikikua mtu anapata amani. Yangu ilivyokuwa inakua, chakula kikawa hakishuki.

Nikaenda kuungama. Padre alinisikiliza mpaka mwisho, na nilichukua muda mrefu kufika mwisho. Akaniondolea dhambi. Nikawa nainuka, akaniambia, "Umemwambia Mungu, ambaye alikuwa anajua. Yule mama hajui." Nilikaa na hilo neno miezi miwili bila kufanya chochote. Nilikuwa tena nje ya lile hema.

Halafu ikafika wakati wa kulijengea kaburi lako. Mama yako akaniita, fundi yupo, anapima. "Mwambie fundi yale maneno, mwanangu, ayaandike saruji ikiwa mbichi. Alikufa akimtaja Maria. Wewe ndiye uliyeyasikia, usije ukaacha hata moja." Fundi akanigeukia na penseli sikioni. "Haya kijana, taja." Nikasema nina homa, nitarudi. Saruji ilikuwa imwagwe Jumamosi.

Alhamisi nilikata jani la sale kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba letu la migomba. Desturi yetu unaijua. Mtu akikuletea lile jani kuomba radhi, huwezi kumfukuza, hata kama amekuulia mtoto. Nikalibeba ndani ya koti. Nilipofika uani kwenu nikasimama. Nikawaza, nikimpa hili jani nimemziba mdomo. Itabidi asamehe kabla hajakasirika. Nimemdanganya mwaka mzima, sasa nimnyang'anye na hasira yake? Nikalichomeka kwenye ua, nikaingia mikono mitupu.

Alikuwa anamenya ndizi. "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Homa imeisha? Kaa, kigoda chako kile pale."

"Hicho sio changu, mama."

Nikamwambia nikiwa nimesimama. Yote, kuanzia ugali uliouacha. Hakunikatiza. Aliendelea kumenya, na maganda yanaangukia pale pale. Nilivyomaliza akaniuliza bila kuinua macho, "Alivyokuuliza kama umemwambia kiongozi, ukamjibu umemwambia?"

"Ndiyo, mama."

"Akasemaje?"

"Akasema aika."

Kisu kikasimama. "Na Maria?"

"Hakumtaja, mama."

"Kwa hiyo mwanangu amekufa hajasali."

"Labda alisali moyoni, mama, mimi si—"

"Usinipe labda." Hapo ndipo aliponiangalia. "Umeshanipa vya kutosha, wewe. Nimekulisha hapa. Nimekukalisha hapo." Akakiangalia kigoda. "Toka. Na usirudi hapa mpaka nikuite kwa mdomo wangu."

Nikatoka. Jani lilikuwa bado kwenye ua, nikaliacha.

Jumamosi fundi alimwaga saruji. Niliangalia kutoka barabarani. Aliandika jina lako na msalaba, basi.

Jumuiya niliwaambia mwenyewe, nikawarudishia na kitabu cha sala. Mwenyekiti wetu, yule mzee mwenye kikohozi, alinivuta pembeni. "Kijana, mama wa watu alikuwa na faraja yake. Huo ukweli wako umemsaidia nini?" Kuna siku nasema nilimtua mzigo wa uongo, kuna siku nasema niliutua wangu nikamtwika yeye. Kiongozi naye nilimfuata kwake Old Moshi, nikamwambia. Alinisikiliza, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu.

Mlimani siendi tena. Nasukuma mkokoteni sokoni Pasua. Jumapili naenda misa ya kwanza, nakaa nyuma kama darasani, lakini sijifichi. Mama yako anakaa mbele upande wa kushoto. Wiki ile ya kwanza, kwenye kupeana amani, alikuwa anarudi nyuma anashika mikono ya watu, akafika kwangu. Nikanyoosha mkono. Akaupita, akamshika mtoto aliyekuwa pembeni yangu. Mkono wangu ulibaki hewani kidogo, nikaushusha. Sikukasirika. Nilisema moyoni, huyu mama angalau ananipa kitu cha kweli.

Sasa hivi nasali maneno machache. Yale marefu nilikuwa nayajua vizuri mno. Asubuhi nikishika mkokoteni nasema, "Bwana, ni mimi. Sikumwambia." Halafu nasukuma. Sijui kama hiyo ni imani kukua. Ila ndiyo sala ya kwanza ninayoisali bila kuangalia nani ananiona.

Juzi Restituta, dada yako mdogo, alinifuata Pasua. Hakunisalimia. Alisimama upande wa pili wa mkokoteni.

"Mama amesema Jumamosi jumuiya iko kwetu."

Nikamuuliza, "Amesema nije?"

"Hajasema uje." Akawa anaangalia magunia. "Amesema ukija, uje na kigoda chako. Cha kaka usikalie."

Akaondoka zake, sikupata hata muda wa kusema asante.

Deo, sikuombi radhi kwenye karatasi, kwa sababu huwezi kunikatalia, na hiyo sio haki. Itabaki mpaka tuonane. Huko uliko, kama unamwona Bikira Maria, mwambie nilimtaja bila ruhusa yake.

Kigoda nimepata. Mguu mmoja ni mfupi, nimeubandika kipande cha mpira. Kesho nitakibeba kichwani kama tulivyokuwa tunabeba, nitapita pale kwenye ua, nitasema hodi kwa sauti ya kusikika. Nitakiweka popote atakaponionyesha, hata kama ni nje ya mlango. Na mtu akiniuliza nataka nini pale, sitasema hamna kitu.

Lala, ndugu yangu.

Mwenzako wa hema moja,
Bubu