Kwa Baba, Aliyeita Majina Shimoni Osiri

Mpendwa Baba,

Wiki iliyopita mkubwa wangu wa kazi aliniita ofisini, hapa Mbita tunakopakia abiria wa kisiwa cha Mfangano. Nilienda nikiwa na wasiwasi. Kumbe amekuwa akinitazama ninavyovuta mkanda wa jaketi la kuokolea maisha la kila abiria kabla boti haijaondoka, hata wale wanaonuna. Alisema kuanzia sasa mimi ndiye msimamizi wa zamu. Akauliza nani alinifunza. Nikamwambia ni Baba, kisha nikarudi kwenye boti, maana ningeanzia wapi?

Ningeanzia Osiri. Shule zikifungwa nilikuletea chakula pale kwenye shimo la dhahabu, ulikokuwa ukizungusha winchi ya kuwapandisha wachimbaji. Jioni, kabla hawajatawanyika, ulisimama ukaita majina. Mjaluo au Mkuria, kila mmoja alipaswa kuitika mwenyewe; kuitikiwa na mwenzake hukukubali. Walichoka nawe. Walikuita mwalimu wa darasa, wakaitika huku wakicheka, wengine wameshapanda pikipiki. Hukuwakasirikia. Uliendelea kuita.

Siku ile uliita Marwa, yule kijana mpole wa Kehancha, na hakuna aliyeitika. Mmoja akasema amemwona akielekea sokoni. Mwingine akasema lazima ametoka mapema, mke wake amejifungua. Mwenye shimo mwenyewe akakuambia ufunge kazi, mvua inakuja.

Ulimjibu bila kupandisha sauti. "Hajaniitikia, mkubwa. Siwezi kwenda."

Ukajifunga kamba, ukawaomba wakuteremshe. Nilibaki nimekumbatia sufuria ya chakula chako, nikiomba Mungu kimoyomoyo. Ulikaa huko hadi wanaume wakaanza kutazamana. Kisha tukasikia sauti yako ikipanda kutoka chini: udongo umeporomoka kwenye njia ya pembeni, na nyuma yake kuna mtu anagonga jiwe.

Wale wa pikipiki waliruka chini, wakakimbilia sururu na majembe. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya vilima walipompandisha Marwa, udongo mwili mzima, mguu umevunjika, lakini anapumua. Alikushika mkono na hakutaka kuuachilia. Nikamwona mwenye shimo akivua kofia mbele yako, wewe ambaye kila siku ulivua yako mbele yake.

Kesho yake alikukabidhi mashimo yake yote uyasimamie. Watu walikuja nyumbani kukupongeza, na Mama akaimba. Wewe ukasema tu, "Hata juzi niliita," kisha ukaomba chai.

Baba, maneno hayo bado yananishangaza. Nafikiria jioni zote ulizoita na wote wakaitika, wakaenda zao, na hakuna aliyekushukuru kwa sababu hakuna lililotokea. Hukujua kama kuna anayekuona. Hukuangalia hata kama yupo.

Mkubwa wangu anadhani mimi ni mtu wa pekee. Natamani angekuona wewe ulipokuwa hai. Utotoni nilidhani baba wote wako hivyo. Nimekuwa mtu mzima, nimefanya kazi na watu wengi, na ndipo nikajua tulikuwa tukiishi nyumba moja na nani.

Pumzika vyema, Baba.

Ni mimi, binti yako wa kwanza