Karatasi Arobaini na Mbili

Jumatatu, 9 Juni 1986

Darasa la sita tena. Watoto arobaini na mbili. Kabla ya kengele niliondoa faili mezani kwa hedimasta, nikaweka kompyuta. Stima iko ofisini kwake tu, kwa hiyo watoto wanaingia sita sita. Mashine ililetwa na wageni wa kanisa, ikakaa sandukuni mwaka mzima, mpaka nikaja mimi, mwanafunzi wa ualimu mwenye kozi ya kompyuta ya wiki mbili.

Programu inasomwa kutoka kwenye kaseti. Ilikataa mara tatu. Ya nne ikakubali. Wanjiku, ambaye anarudia darasa, alipata hesabu kumi za sehemu bila kosa hata moja. Hakutaka kutoka. Nilifurahi sana.

Jumatano, 11 Juni

Leo printa iliyokuja na mashine. Kelele kama posho mill ikisaga mahindi. Maswali kumi kwa Kiingereza, nakala arobaini na mbili. Mkaguzi wa chuo anakuja mwisho wa mwezi, nataka akute kazi.

Swali la sita nalipenda. Shamba la kampuni lina ekari 240. Mwenyekiti alichukua theluthi moja. Wanachama 40 waligawana sawasawa zilizobaki. Kila mmoja alipata ngapi?

Watoto wameenda nazo nyumbani.

Ijumaa, 13 Juni

Hedimasta, Bwana Kosgei, aliniita akafunga mlango. Mzazi mmoja ni mwenyekiti wa kampuni ya kununua mashamba, zile ambazo watu huchangia pesa kisha wagawane ardhi. Amechukua karatasi ya mtoto wake, akaipeleka kwa chifu. Anasema shule inachapisha maneno ya kumchafua.

Namba nilizitoa kichwani. Mwenyekiti anayejikatia kipande kikubwa sikumtoa kichwani. Nilikua Kapseret nikisikia wazee wakimlalamikia mtu wa namna hiyo.

"Mwalimu, siku hizi mtu anashikwa kwa kukutwa na karatasi ya kuipinga serikali," Bwana Kosgei alisema. "Wewe husikilizi redio?"

Naogopa.

Jumatatu, 16 Juni

Wanaume wawili, gari la serikali. Hawakutaja majina. Wakauliza nani alinituma. Nakala ngapi. Baba yangu ni mwanachama wa nini.

Wakaweka kaseti kwenye redio ya ofisini. Ikatoa mlio mkali, bila kukoma.

"Hii ni lugha gani?"

"Ni ya mashine, bwana."

"Inasema nini?"

"Hesabu."

Hawakucheka. Wakanifanya nipige hesabu ya swali la sita mbele yao. Mia mbili arobaini, toa themanini, inabaki mia na sitini, gawanya kwa arobaini. Nne. Mmoja alinakili kila mstari.

Ndipo Bwana Kosgei akasema, "Mimi ndiye niliyemruhusu. Kama kuna makosa, andikeni jina langu."

Sikutarajia. Tangu nifike hapa hajawahi hata kuniuliza nimelalaje.

Wamebeba printa na kaseti. Karatasi zote zirudi kufikia Jumatano. Ikikosekana moja, mimi na Bwana Kosgei tutaenda nao mjini.

Jumanne, 17 Juni

Nimepata arobaini. Moja iko kwa chifu. Inayokosekana ni ya Wanjiku. Baba yake amekataa kuitoa.

Baada ya shule nilienda kwao Yamumbi. Baba yake, Mzee Karanja, alinipa kiti kilichokuwa karibu, yeye akabaki amesimama. Kiingereza hajui. Wanjiku alikuwa amemtafsiria swali la sita.

"Mwalimu, jibu ni nne?"

"Ni nne, Mzee."

"Sisi tulikuwa sitini. Shamba ekari mia nne na themanini. Mimi nikapewa tatu. Nipigie na hiyo, tugawane wote sawa."

Nilijua sipaswi. Nilichukua kijiti, nikapiga hesabu kwenye mchanga wa uani. Nane. Halafu nikafuta kwa kiatu, haraka, kabla mtu hajapita njiani. Aliniona nikifuta.

"Nane," alisema. Sikujua niangalie wapi.

Aliingia ndani akatoka na Biblia. Karatasi ilikuwa katikati, imekunjwa vizuri.

"Chukua. Sitaki ufungwe kwa sababu yangu. Hesabu nimeishika."

Nililia njiani. Machozi ya woga, nadhani. Na ya kitu kingine.

Jumatano, 18 Juni

Zimechomwa nyuma ya jiko la shule, zote arobaini na mbili. Chifu alikuja na ile yake. Alihesabu mwenyewe, mara mbili. Bwana Kosgei alisimama kando yangu mpaka moto ukazima.

Kompyuta imerudi sandukuni. Wanjiku aliuliza watarudi lini ofisini. Nilimwambia sijui. Mama Rael, mwalimu wa darasa, alimwambia aache maswali.

Ijumaa, 27 Juni

Mkaguzi alikuja saa tatu. Nilifundisha kwa chaki. Hakuuliza habari ya kompyuta, nami sikumwambia. Aliandika: ubao nadhifu, sauti inasikika, mifano ya kawaida. Nimepita.

Mvua alasiri. Watoto walienda mapema. Nilibaki darasani peke yangu nikaandaa maswali ya Jumatatu kwa mkono. Machungwa. Pipa la maji. Kitambaa cha sare. Hakuna shamba hata moja.

Naona haya. Maswali nimeyaacha hivyo hivyo.